Barua pepe moja imefutwa: lazima nirudishe mashine nzima?

«Nasimamia kompyuta za hoteli moja hapa Malindi. Tuna seva moja yenye Hyper-V (programu ya Windows ya kuendesha mashine pepe), na ndani yake mashine pepe mbili: moja ya Active Directory, yaani rejista ya watumiaji na kompyuta zetu, ya pili ina Microsoft Exchange 2019, programu ya seva ya barua, yenye masanduku ya barua 35. Kila Jumapili usiku programu ya bakapu inanakili mashine zote mbili kwenye diski ya nje ya TB 4 inayokaa juu ya seva yenyewe. Mwezi uliopita dada wa uhifadhi wa vyumba alifuta kwa bahati mbaya barua ya wakala wa Milano yenye majina ya kundi zima la wageni. Ilikuwa Jumatano. Sikuona njia ila kuirudisha mashine nzima ya Jumapili. Barua ya wakala niliipata, lakini barua za siku tatu za hoteli nzima zikapotea, na meneja hajanisamehe mpaka leo. Juu ya hayo, diski D ya mashine hiyo inajaa vifaili vya MB 1 visivyo na idadi, na rafiki yangu ananiambia nivifute tu. Je, inawezekana kutoa barua moja peke yake kwenye bakapu? Ninunue programu mpya?»

Inawezekana, ndugu yangu, na pengine hata shilingi haitakutoka. Lakini kwanza vile vifaili vya MB 1: usiviguse. Umevitaja mwishoni kama jambo la pembeni, kumbe ndivyo vinavyonionyesha ugonjwa ulipo. Diski inayojaa na barua isiyotoka ni dalili mbili za shida moja: programu yako ya bakapu inaipiga picha mashine bila Exchange kujua kwamba inapigwa picha.

Tazama jinsi Exchange inavyohifadhi. Barua zote za masanduku hayo 35 zimo ndani ya faili moja kubwa yenye mwisho wa .edb, ambayo ndiyo hifadhidata. Hakuna barua iliyokaa peke yake kama faili ambayo unaweza kuichomoa kwenye folda. Tena barua ikiingia haiandikwi humo moja kwa moja. Inaandikwa kwanza kwenye logi, yaani vile vifaili vyenye majina yanayoanza na E00, kisha baadaye kidogo ndipo inahamishiwa kwenye .edb. Ni kama mapokezi yenu: mgeni akifika usiku, karani anaandika haraka kwenye daftari la mezani, na hesabu zikifungwa ndipo kila kitu kinaingia kwenye leja. Atakayenakili leja peke yake saa nne usiku atakuta vyumba vina watu ambao leja haiwajui. Akinakili leja pamoja na daftari, mtu mwenye subira anaweza kukaa akayaoanisha.

Picha inayopigwa bila Exchange kujua ni sawa na mashine iliyokatikiwa umeme. Umeme ukirudi, Exchange husoma logi, hukamilisha yaliyobaki nusu, kisha hufungua. Ndiyo maana mashine yako ya Jumapili iliwaka vizuri ulipoirudisha, na ndiyo maana ukaamini bakapu yako ni nzima. Kwa kurudisha mashine yote inaweza kutosha. Kwa kutoa barua moja ni mbovu, kwa sababu chombo cha kufungulia .edb kitaikuta faili imeachwa wazi, na kabla ya kuona hata kichwa cha barua itabidi logi zisomwe upya, zote zinazotakiwa, bila hata moja kukosekana. Sasa fikiria ungekuwa umemsikiliza rafiki yako.

Windows ina huduma iitwayo VSS ambayo kazi yake ni kuondoa tatizo hili. Programu ya bakapu inabisha hodi kupitia VSS, Exchange inamaliza ilichoshika na kuzuia maandishi mapya kwa muda mfupi, picha inapigwa, kazi inaendelea. Muda huo hauzidi sekunde 20. Ukipita, Exchange inaachilia na bakapu inaandika kosa. Bakapu ikikamilika, programu inairudia Exchange na kuiambia kwamba nakala iko salama. Hapo ndipo Exchange yenyewe inafuta logi za zamani ambazo haizihitaji tena. Hakuna anayezifuta kwa mkono. Zikirundikana ujue ujumbe huo haujafika.

Uhakikishe mwenyewe. Ndani ya mashine ya barua, fungua Exchange Management Shell uandike:

Get-MailboxDatabase -Status | Format-List Name,LastFullBackup

Mbele ya LastFullBackup pakiwa patupu, basi kwa Exchange hujawahi kuchukua bakapu hata siku moja, japo diski ya nje imejaa. Kisha andika vssadmin list writers, utafute Microsoft Exchange Writer, yaani mwandishi wa Exchange, sehemu inayoitikia hodi ya VSS. Hali yake iwe Stable, na kosa la mwisho liwe No error. Ikiwa imekwama, mara nyingi kuianzisha upya huduma ya Microsoft Exchange Replication kunatosha, maana tangu Exchange 2013 mwandishi huyo anaishi ndani ya huduma hiyo. Watu wengi wanaizima na kuiwasha Information Store, huduma inayofungua masanduku ya barua, wanawatoa watumiaji wote kwenye barua zao, na kosa linabaki pale pale.

Sasa marekebisho. Kwenye mipangilio ya kazi ya bakapu tafuta kipengele ambacho programu nyingi hukiita application-aware, yaani kinachoitambua programu iliyo ndani ya mashine, ukiwashe kwa mashine ya Exchange. Kitakuomba jina na nywila ya msimamizi wa ndani ya mashine hiyo. Ya seva mama, ile yenye Hyper-V, haitoshi. Kwenye Hyper-V, fungua mipangilio ya mashine, sehemu ya Integration Services, uone kama alama ya Backup imewekwa. Angalia pia aina ya nakala: baadhi ya programu huituliza Exchange vizuri lakini zinajitambulisha kama nakala ya pembeni (copy), kwa hiyo logi hazikatwi na D inaendelea kujaa. Unataka aina ya kamili, ile inayokata logi. Na kama hifadhidata iko kwenye diski iliyounganishwa kwa iSCSI (yaani kupitia mtandao) kutoka ndani ya mashine, au diski halisi iliyopitishwa moja kwa moja, picha ya Hyper-V haiioni kabisa. Mtu anaweza kuchukua bakapu mwaka mzima akawa anahifadhi Windows tupu.

Saa nazo zina maana. Bakapu isigongane na ufungaji wa hesabu za usiku wa hoteli wala na ukaguzi wa kirusi. Saa tisa usiku ni wakati mzuri. Seva yenye diski za kuzunguka ikibanwa na kazi tatu kwa wakati mmoja, zile sekunde 20 hazitoshi, na asubuhi utakuta kosa la VSS ambalo ukilijaribu mchana halijirudii.

Ikiwa D imebakisha GB chache na huwezi kungoja, tumia Windows Server Backup ndani ya mashine hiyo hiyo. Chagua diski nzima iliyo na hifadhidata na ile iliyo na logi, na kwenye mipangilio ya VSS chagua VSS full Backup badala ya copy. Ikimalizika salama, logi zitakatwa. Zimebaki saa chache tu na huna pa kuandikia? Kuna mlango wa dharura uitwao circular logging: unauwasha kwenye hifadhidata, unaishusha na kuipandisha tena, na logi za zamani zinaondoka. Gharama yake ni kwamba ikitokea ajali huwezi tena kusonga mbele kutoka bakapu ya jana mpaka dakika ya ajali kwa kusoma logi. Logi zikishaondoka uuzime, na mara tu baada ya hapo chukua bakapu kamili.

Tukirudi kwa barua ya Milano: haikuhitaji bakapu. Barua ikiondolewa kwenye Deleted Items, au ikifutwa kwa Shift na Delete, Exchange haiitupi. Inaiweka kwenye folda iliyofichika ya sanduku hilo hilo, na muda wa kawaida ni siku 14. Dada wa uhifadhi angefungua folda ya Deleted Items kwenye Outlook, akabonyeza Recover Deleted Items from Server, akaiona. Dakika mbili. Inaumiza kuisikia sasa, lakini ni afadhali uijue kabla ya Jumatano nyingine.

Ukuta huu wa kwanza uunyanyue zaidi, kwa amri mbili (weka jina la hifadhidata yako mahali pa DB01):

Set-MailboxDatabase DB01 -DeletedItemRetention 45.00:00:00

Get-Mailbox -ResultSize Unlimited | Set-Mailbox -SingleItemRecoveryEnabled $true

Ya kwanza inaongeza siku hadi 45. Ya pili, ambayo kwenye Exchange ya kwenu huja imezimwa, inazuia mtumiaji kuisafisha folda ile iliyofichika kabla ya muda. Hata akibonyeza kufuta mara tatu, msimamizi bado anaweza kuipata. Nafasi itaongezeka, lakini kwa masanduku 35 si ya kutisha, na kikomo cha kawaida cha folda hiyo ni GB 30 kwa kila sanduku. Hakikisha tu kwamba kila sanduku linatumia mpangilio wa hifadhidata na halina siku zake lenyewe.

Kuna jambo ambalo mahoteli hukwama nalo mno. Nenda kwenye kompyuta ya mapokezi utazame akaunti ya Outlook imeunganishwa vipi. Ikiwa kuna aliyewasha POP (njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva) zamani na kuitumia hapo, barua zinashuka kwenye faili ya .pst, kabati la barua la Outlook, ndani ya C ya kompyuta hiyo na huenda zinaondolewa kwenye seva. Hapo bakapu ya seva, hata iwe ya dhahabu, haina kitu cha kukupa. Badilisha akaunti iwe ya Exchange, na zile .pst uzipakie kwenye sanduku.

Bakapu basi inabaki kwa yale yasiyoonekana hapo: barua iliyofutwa miezi miwili iliyopita, sanduku la mfanyakazi aliyeondoka, hifadhidata iliyoharibika. Una njia mbili za kutoa barua humo.

Njia ya kwanza ni chombo cha kufungua .edb kutoka ndani ya bakapu yenyewe. Veeam, kwa mfano, ina Explorer ya Microsoft Exchange: inaifungua hifadhidata kutoka kwenye bakapu, unaona masanduku, folda na barua, unatafuta kwa mtumaji au tarehe, na barua moja unairudisha mahali pake au unaitoa kama faili. Kinahitaji faili ya ese.dll ya Exchange ya toleo lile lile au jipya zaidi, ndiyo maana mara nyingine kinagoma kwenye kompyuta ambayo haina faili hiyo. Veeam ina toleo la bure linalobeba hadi mashine 10, nawe una mbili. Kabla ya kununua lolote, soma nyaraka za programu uliyo nayo. Nyingi zina chombo cha namna hii ambacho hakuna aliyewahi kukifungua.

Njia ya pili haina gharama, imo ndani ya Exchange, lakini ni ya mkono. Inaitwa hifadhidata ya kurejeshea. Unahitaji diski yenye nafasi ya .edb nzima pamoja na logi zake, tuiite R. Toa faili hizo kwenye bakapu, au pachika diski pepe ya zamani kwa kusoma tu, uzinakili kwenye R. Usiiwashe mashine ya zamani kwenye mtandao mmoja na ile inayofanya kazi: mashine mbili zenye jina moja zitakuvurugia Active Directory. Kisha pima hali kwa eseutil, chombo cha Exchange cha kukagua hifadhidata:

eseutil /mh R:\Rejesha\DB01.edb

Ikisema Clean Shutdown, yaani ilifungwa vizuri, endelea. Ikisema Dirty Shutdown, yaani iliachwa wazi, tazama mstari wa Log Required unaotaja logi zinazotakiwa, hakikisha zipo, halafu:

eseutil /r E00 /l R:\Rejesha\Logi /d R:\Rejesha

Herufi za mwanzo zinaweza kuwa E01 au E02 kama mna hifadhidata zaidi ya moja, kwa hiyo tazama majina ya logi zako kwanza. Pima tena. Ikiwa safi, itambulishe kwa Exchange na kuipandisha:

New-MailboxDatabase -Recovery -Name RDB1 -Server SEVA-BARUA -EdbFilePath R:\Rejesha\DB01.edb -LogFolderPath R:\Rejesha\Logi

Mount-Database RDB1

Watumiaji hawaioni hifadhidata hii na barua mpya haziingii humo, kwa hiyo hoteli inaendelea na kazi zake mchana kweupe. Get-MailboxStatistics -Database RDB1 inakuonyesha masanduku yaliyomo. Mwisho, vuta folda unayoitaka:

New-MailboxRestoreRequest -SourceDatabase RDB1 -SourceStoreMailbox "Uhifadhi wa Vyumba" -TargetMailbox uhifadhi -IncludeFolders "#Inbox#" -TargetRootFolder "Zilizorejeshwa"

Utaona njia hii inarudisha folda, haichagui barua. Dada atafungua Zilizorejeshwa, aichukue anayoitaka, zilizobaki azifute. Ukimaliza, shusha RDB1, iondoe, na ufute faili zake kwenye R, kwa kuwa ni barua za watu zimelala wazi. Mimi kwa barua moja moja ningetumia chombo cha kwanza, na hii ya pili ningeijua kwa siku ambayo sanduku zima limekwenda.

Njia zote mbili haziwezi kutoa kilichokosekana wakati wa picha. Barua iliyoingia Jumatatu haimo kwenye bakapu ya Jumapili. Kwa hoteli inayopokea nafasi za wageni kila saa, mara moja kwa wiki ni kidogo mno. Chukua bakapu kila usiku: nzima mara moja kwa wiki, na siku nyingine mabadiliko peke yake. Ili ujue mabadiliko ni kiasi gani, hesabu logi mpya zinazozaliwa kwa siku: zikiwa 3,000, hiyo ni takriban GB 3 za logi, na kwa kuwa kila kitu kinaandikwa pia kwenye .edb, kadiria mara mbili au zaidi. Tuseme GB 8. Mashine ya GB 300 yenye nakala moja nzima na siku 13 za mabadiliko inataka kama GB 404 kabla ya kubanwa. Hata ukiweka seti kadhaa, TB 4 zako zinatosha.

Mahali diski inapokaa hapanipendezi. Moto, mwizi, au programu ya kufunga data kwa fidia ikiifikia seva, itaifikia na diski iliyochomekwa juu yake. Tena pwani yetu chumvi inakula viunganishi vya USB kimyakimya, hasa chumba kikifunguliwa madirisha upepo wa kusi ukivuma. Nunua diski ya pili, uzipishane kila wiki, na moja ikae jengo lingine, ndani ya mfuko uliofungwa wenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Zifungwe kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kwa sababu barua za uhifadhi zina nakala za pasipoti za wageni, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 haitofautishi data iliyoko kwenye seva na iliyoko kwenye mfuko wa mtu. Ufunguo wa BitLocker usihifadhiwe ndani ya seva inayolindwa! Ukitaka kupeleka kwenye wingu, fanya hesabu: kwa megabiti 20 za kupakia kwa sekunde, GB 300 zinachukua kama saa 33, lakini GB 8 za kila usiku hazifiki saa moja. Nakala ya kwanza ipelekwe wakati hoteli ina wageni wachache.

Checkpoint za Hyper-V, zile picha za mashine za papo hapo, usizihesabu kama bakapu. Zinakaa diski ile ile, zinavimba kila siku, na kuirudisha Exchange nyuma kwa checkpoint ni kurudia yaliyokupata mwezi uliopita. Bakapu ya mashine ya Active Directory iendelee nayo, maana Exchange inaweka mipangilio yake mingi huko. Na Exchange 2019 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kaeni na meneja mzungumzie kuhamia Exchange Subscription Edition au Microsoft 365, huduma ya wingu. Huko nako kuna mipaka ya siku za kurejesha, msidhani wingu ni bakapu.

Kila mwezi jaribu: chagua barua ya zamani kwenye sanduku lako mwenyewe, itoe kwenye bakapu, andika ilichukua dakika ngapi. Bakapu yenye alama ya kijani ambayo haijawahi kutoa barua haijathibitisha lolote.

Mwite fundi aje mwenyewe ikiwa eseutil inadai logi ambazo huna. Hapo mtandaoni utashauriwa eseutil /p, ambayo inafungua hifadhidata kwa kutupa kurasa isizozielewa, na zilizotupwa hazirudi. Isifanywe ila juu ya nakala, na mtu aliyewahi kuifanya. Mwite pia diski ikianza kugonga-gonga, RAID (kundi la diski za seva zinazofanya kazi pamoja) ikionyesha diski iliyokufa, au faili zikibadilika majina zenyewe: katika hili la mwisho, chomoa waya wa mtandao kwanza, simu baadaye. Na kama barua inayotafutwa ni ya kesi au mgogoro wa kazi, msirejeshe chochote kabla ya kuongea na wakili, ili isije ikasemwa mmeichezea.

Kuhusu zile siku tatu zilizopotea, bado kuna mahali pa kutazama. Outlook huweka nakala ya sanduku ndani ya kompyuta ya mtumiaji, kwenye faili ya .ost. Kompyuta ambazo zimeshaunganishwa na seva tangu siku ile huenda zimekwisha kuifuata ilivyo sasa. Lakini kama kuna laptopu ya mtu aliyekuwa likizo, au kompyuta ya ofisi ya pili ambayo haijafunguliwa tangu Jumatano hiyo, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kabla ya kuiwasha, fungua Outlook, weka Work Offline, na utoe barua hizo kama .pst. Zikishatoka ndipo uiunganishe.